Mbweha na Njia Aliyojengewa

Msomaji aliyekulia mwambao hahitaji kufundishwa maana ya bamvua, kwamba mwezi unapoandama na unapotimu bahari hujaa kupita kiasi chake cha kawaida, ikafunika mikoko mpaka matawini na kupenya katika mahori hadi penye njia za watu. Lakini huenda hajapata kufikiri jinsi jambo hilo, ambalo kwake ni habari ya ngalawa na nyavu, linavyoweza kuwa habari ya kufa na kupona kwa ndege asiyependa kuruka. Katika Ghuba ya San Francisco, upande wa magharibi wa Marekani, maji makubwa kuliko yote ya majira ya baridi huja mchana katika miezi ya Desemba na Januari, na siku hizo watu hukusanyika kandokando ya vinamasi vya Palo Alto, kusini mwa ghuba, darubini shingoni, kwa sababu ndizo siku ambazo kukuziwa wa Ridgway huonekana waziwazi. Ni ndege wa ukoo mmoja na kukuziwa wetu, ukubwa wake wakaribia kuku, kifua chake ni cha rangi ya mdalasini, mdomo wake mrefu umepinda kidogo, na miguu yake ni ya mbio. Siku nyingine zote husikika tu, kwa sauti kama ya mtu apigaye makofi ndani ya nyasi. Maji ya bamvua yanapopanda, nyasi humezwa moja baada ya moja, naye hurudi nyuma, na kurudi nyuma tena, mpaka kimebaki kichaka kimoja ambacho ncha zake bado zimechomoza. Hapo hupanda, akajikunja shingo, akatulia kimya kama gogo. Kwa muda huo mrefu hana sitara yoyote. Na nyuma yake, hatua chache tu, lipo tuta la udongo, na juu ya tuta ipo njia, na katika njia hiyo hupita mbweha.

Mintarafu ya mbweha huyo yamekuwapo mabishano ya zaidi ya miaka thelathini, yaliyofika kwenye masanduku ya kura na kwenye mahakama ya rufani, na aghalabu huelezwa kama ugomvi baina ya wapendao ndege na wapendao wanyama wa manyoya. Mimi siuoni hivyo. Naona kwamba mji uliomfungulia mbweha njia hauwezi kuukwepa wajibu wa kumwondoa, ijapokuwa kazi yenyewe inachukiza; na naona vilevile kwamba mji ukimwondoa mbweha na kuiacha njia, utakuwa umejipa kazi isiyo na mwisho, na damu itakayomwagika kila mwaka itakuwa imemwagika bure.

Zamani ndege hawa walikuwa wengi mno. Katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, dhahabu ilipowavuta watu kwa maelfu mpaka California, walipigwa bunduki na kuuzwa masokoni kwa mafungu, wakaliwa katika meza za hoteli, hata sheria za mwanzoni mwa karne ya ishirini zilipowazuia wawindaji wa biashara, nao wakaanza kurudi. Mwaka 1970 kukuziwa huyu aliandikwa katika orodha ya serikali kuu ya Marekani ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka, pamoja na jirani yake, panya mdogo wa kinamasi mwenye tumbo jekundu na uzito wa kama gramu kumi, ambaye hapatikani popote duniani ila katika ghuba hii, na ambaye jamii yake ya upande wa kaskazini imejaliwa uwezo wa kunywa maji ya bahari na kuishi. Mwaka 1972 ikapitishwa sheria ya kuanzisha hifadhi ya wanyamapori kusini mwa ghuba, katikati ya miji, hifadhi ambayo tangu 1995 inaitwa kwa jina la Don Edwards, mbunge aliyeipigania. Basi msomaji angetazamia kwamba hesabu ingepanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kukuziwa hao walikadiriwa kuwa baina ya 4,200 na 6,000. Katikati ya miaka ya 1980 wakawa kama 1,500. Na katika majira ya baridi ya kuingia 1991 wakawa wamebaki baina ya 300 na 500. Walipungua hivyo ilhali bunduki imekatazwa, jina lao limo katika orodha, na ardhi yao ina walinzi.

Ili kufahamu kilichotokea, inafaa kwanza kulifahamu umbo la mwambao ule lilivyokuwa. Kinamasi cha asili hakikuwa na mpaka mkali. Kilianzia kwenye tope ambalo huwa wazi maji yakipwa, kikapanda polepole kupitia nyasi ndefu za spartina, kisha majani mafupi manene yaliyojaa chumvi, ambayo ndiyo maskani ya panya, kisha vichaka vya grindelia vyenye maua ya manjano na utomvu unaonata vidoleni, kisha mbuga ya nchi kavu; na mteremko wote huo ulikuwa wa upole hata maji ya bamvua yalipopanda, ndege na panya walirudi nyuma hatua kwa hatua ndani ya majani, wasiachwe uchi hata dakika moja. Vinamasi vya namna hiyo viliizunguka ghuba kwa ukubwa wa ekari kama 190,000. Wakaja wenye mashamba, wakaja wenye mabwawa ya chumvi, vikaja viwanja vya ndege na nyumba za watu ambao leo, katika wilaya tisa zinazoizunguka ghuba, wamepita milioni saba. Na mwishoni mwa karne ya ishirini zilikuwa zimesalia ekari kama 40,000, tena vipande vipande.

Walakini upungufu wa ekari ni nusu tu ya kadhia. Chombo kilichotumika kuikata ardhi hiyo kilikuwa tuta. Mtengeneza chumvi huchimba tope la palepale, akalirundika liwe ukuta mrefu, akayafungia maji ya bahari ndani yake yakakaushwa na jua. Na tuta hilo, likiisha kukauka, hudumu miaka mingi, upana wake juu ukitosha kupita gari. Lilifanya madhara mawili kwa mpigo. Kwanza liliufuta ule mteremko wa upole, kikawa kinamasi kinaishia ghafla kwenye ukuta, hata maji yakijaa pasiwe na mahali pa kurudi nyuma ila huo ukuta wenyewe. Pili lilileta barabara. Mnyama wa nchi kavu aliyetaka kuingia katikati ya kinamasi cha kale alilazimika kuyavuka mahori na tope linalomeza mguu, tena arudi kabla maji hayajamkuta. Leo anatembea pakavu, maji yakijaa au yakipwa, kutoka nyuma ya maghala ya mji mpaka ndani kabisa ambako ndege ametaga, na kila baada ya hatua chache hushuka ubavuni kunusa.

Nimetumia jina la mbweha kwa kuwa ndilo tulilonalo, ila msomaji asije akamfikiria yule wa nyika zetu abwekaye usiku. Huyu ni mwekundu, mkia wake ni mnene na ncha yake ni nyeupe. Waliomtangulia waliletwa California na watu, wengine wakafugwa kwa ajili ya manyoya, wengine wakaachiliwa ili wawindwe kwa mchezo; wakatoroka, wakazaana, wakaenea mabondeni, na katikati ya miaka ya 1980 wakaanza kuonekana katika vinamasi vya kusini mwa ghuba. Tuta likawafaa kuliko walivyoweza kuomba: ni njia yao, na ni nyumba yao pia, kwani huchimba mapango ubavuni mwake, mita chache kutoka kwenye viota. Kukuziwa ambaye kwa karne nyingi alijifunza kumkwepa kipanga kwa kuzama ndani ya nyasi hakuwa na mafunzo yoyote juu ya adui anayekuja kwa pua. Mbweha akachukua mayai, akachukua makinda meusi yenye manyoya laini, akamchukua na mama aliyeyaatamia. Yuko mbweha mwekundu mwingine, mwenyeji halisi wa jimbo hilohilo, akaaye juu katika milima ya Sierra Nevada, naye ni nadra hata amelindwa kwa sheria. Kwa hiyo mnyama wa sura moja huwindwa pwani na kutunzwa mlimani. Anayedhani kwamba wahifadhi wana chuki na mbweha na alitafakari hilo.

Mbweha hakuwa peke yake, bila shaka. Panya mkubwa wa mitaroni, naye mgeni aliyekuja kwa meli, ni mla mayai hodari. Mnyama aitwaye rakuni hutoka katika mapipa ya taka. Shakwe wa California, ambao walianza kutaga kusini mwa ghuba karibu na mwaka 1980 wakiwa wachache, leo ni makumi ya maelfu, wameneemeka kwa majalala ya mji, na wakimaliza taka huwageukia makinda ya ndege wengine wa maji. Kunguru wakubwa weusi hujenga juu ya minara ya umeme iliyosimikwa katikati ya kinamasi, mahali ambapo zamani hapakuwa na mti hata mmoja, wakapata dungu la kutazamia viota vilivyo chini. Hata kome walioletwa kutoka mwambao wa mashariki wa Marekani wamo katika hesabu: hujizika topeni wakiacha kinywa wazi, na kukuziwa apitaye akitafuta riziki hubanwa kidole cha mguu, pengine mdomo, asiachiliwe mpaka maji yamfike.

Paka anataka neno lake. Nazungumzia paka shume waliotupwa na wenyewe, wanaolishwa kila jioni kwenye maegesho ya magari yanayopakana na kinamasi na watu wenye huruma ya kweli, ambao huamini kwamba paka aliyeshiba hawindi. Kila aliyefuga paka mwenye shibe na akamwona akimletea mjusi mlangoni anajua kwamba imani hiyo haina msingi. Paka huwinda kwa tabia, na njaa ni jambo jingine. Bakuli la chakula lililowekwa hapo huwavuta pia rakuni na mbweha, kwa hiyo mkono uleule unaomhurumia mmoja unawatayarishia wengi dhiki.

Mwaka 1991 hifadhi ilianza kazi ya kuwaondoa wanyama wawindao, ikifanywa na mafundi wa Idara ya Kilimo ya Marekani, na napenda kueleza jinsi inavyofanywa kwa sababu wengi huihukumu bila kuijua. Paka na rakuni huingia katika mtego wa tundu: huwekewa chakula, mlango ukajifunga, na asiyekusudiwa huachiliwa akiwa mzima. Mbweha mwekundu ni shida. Haingii tunduni ila mara chache sana, hata chambo kiwe kitamu namna gani. Kwa huyo hutumika mtego wa kubana mguu, wenye taya zilizofungwa mpira ili zisivunje mfupa, unaofukiwa kwa udongo mwembamba mahali ambapo fundi, kwa kusoma nyayo na vinyesi, amejua kwamba mguu utakanyaga. Au hutumika bunduki na kurunzi usiku. Mitego hukaguliwa kila siku. Kazi hushika moto katika miezi ya baridi na mwanzo wa majira ya kuchipua, kabla ya kukuziwa kutaga na wakati yale maji makubwa yanapomfukuza kwenye maficho yake, kwa kuwa mbweha mmoja aliyeondolewa mwezi wa Februari ana faida kuliko watatu walioondolewa Septemba, viota vikiwa vimekwisha kuharibiwa. Matokeo yake? Katika miaka michache hesabu ya kukuziwa wa ghuba nzima ilipanda ikapita elfu moja. Sijui dawa nyingine, katika uhifadhi wa ndege wa vinamasi, iliyoonyesha nafuu upesi namna hiyo.

Kisha likaja jambo la sheria. Mwezi wa Novemba 1998 wapiga kura wa California walipitisha pendekezo lililoitwa la Nne, lililopiga marufuku mitego ya kubana mguu na baadhi ya sumu. Hawakuwa wajinga wala hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wameonyeshwa wanyama waliojitafuna miguu katika mitego ya wafanyabiashara wa manyoya, na moyo usioguswa na picha hizo ni moyo mgonjwa. Lakini sheria iliyoandikwa kwa ajili ya soko la manyoya iliangukia pia kinamasi, na mitego ya mbweha ikasimamishwa katika hifadhi. Jumuiya ya Audubon, chama kikongwe cha watetezi wa ndege, ikaenda mahakamani, vyama vya watetezi wa wanyama vikasimama upande wa pili, na mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa ikaamua kwamba sheria ya jimbo haiwezi kuwazuia maofisa wa serikali kuu kutimiza wajibu waliopewa na sheria ya viumbe vilivyo hatarini. Naiona hukumu hiyo kuwa ya insafu. Maumivu ya mbweha mtegoni yanaonekana, na kwa hiyo yana watetezi. Maumivu ya kukuziwa aliyenyakuliwa juu ya kichaka hayana shahidi, na makinda yanayokufa baridi baada ya hapo hayapigi kelele ifikayo mjini. Asemaye kwamba tuache maumbile yaamue amesahau kwamba pale hapana tena maumbile yaliyoachwa huru kuamua: mbweha aliletwa, tuta lilijengwa, jalala lilifunguliwa, mnara ulisimikwa.

Sisi wa mwambao huu tunayo habari inayofanana nayo, na haina faraja. Kunguru wa India waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, wakavuka mpaka bara, wakaijaza Mombasa na Dar es Salaam, wakayala mayai na makinda ya ndege wenyeji, wakawashambulia hata vifaranga wa kuku uani. Na mwaka 2024 Idara ya Wanyamapori ya Kenya ikatangaza azma ya kuwaondoa milioni moja. Sumu itawapunguza. Lakini kunguru ni mtoto wa jaa, na maadamu jaa liko wazi atarudi, kwa kadiri ileile ya chakula alichowekewa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaoihesabu kazi ya mtegaji kwa idadi ya mizoga. Idadi hiyo haina maana yoyote. Kinamasi kilichotegwa vizuri ni pengo katika nchi ya mbweha, na pengo hujazwa: wanapokua, vijana wao hufukuzwa na wazazi, wakatafuta makao, wakalikuta tuta liko tupu. Kinachostahili kuhesabiwa ni kukuziwa aliye hai mwezi wa Aprili, na viota vilivyoangua. Yuko msaidizi mmoja ambaye halipwi mshahara, naye ni koyote, mbwa mwitu mdogo mwenyeji wa nchi ile, ambaye hamvumilii mbweha mwekundu katika himaya yake, humfukuza na hata kumuua. Palipo na koyote mbweha huwa adimu, na koyote mwenyewe, kwa kuwa anahitaji eneo kubwa, huwa mchache, hivyo kwa kukuziwa madhara yake ni madogo. Miji mingi huwachukia koyote kwa ajili ya paka zao. Lau ningeulizwa, ningewaacha wakae.

Dawa ya kudumu ni ardhi, na hapa pana sababu ya kutumaini. Mwaka 2003 ekari 15,100 za mabwawa ya chumvi kusini mwa ghuba zilinunuliwa ili zirudishwe polepole kuwa kinamasi, na mwaka 2016 wananchi wa wilaya zote tisa walikubali kwa kura kutozwa dola 12 kwa mwaka kwa kila kiwanja, zipatazo milioni 25 kila mwaka, kwa miaka ishirini, kwa ajili ya mwambao wao. Anayevunja tuta ili maji yaingie anapaswa kukumbuka kufanya mawili: kulikata vipande, lisibaki daraja la mbweha, na kuujenga upya ule mteremko wa upole kwa udongo na majani, ili bamvua limkute ndege akiwa na mahali pa kurudi. Haraka ina hasara zake. Nyasi ya spartina ya kigeni, iliyopandwa katika miaka ya 1970 kwa nia njema, ilikuwa ikikisonga kinamasi, na ilipoanza kuuawa kwa dawa kukuziwa walipungua tena, kwa kuwa katika sehemu nyingi ndiyo iliyokuwa nyasi ndefu pekee ya kujificha maji yakijaa. Wahusika wakajirudi, wakapunguza mwendo, wakapanda grindelia kwa maelfu, na penye upungufu wakaweka majini visiwa vidogo vya kuundwa, vinavyoelea, vyenye paa la kufumwa. Kamera zilizowekwa zikawaonyesha kukuziwa wakipanda juu yake maji yanapojaa, wakakaa kivulini, shingo zimekunjwa, mpaka maji yalipopwa.

Grindelia iliyopandwa mwaka huu haitoshi kumficha ndege Januari ijayo. Itataka misimu kadhaa mpaka kimo chake kiyapite maji ya bamvua. Katika misimu hiyo mtegaji ataendelea kutembea juu ya tuta asubuhi, akiinama kuzisoma nyayo.